Kadi za Mama Wema Hazina Shida

Watu wa Kigoma wana adabu, na hilo halina ubishi. Mpikie mgeni samaki wetu wa mgebuka usahau chumvi: atakula mpaka mifupa, atanawa, atakwambia Mungu akubariki mama, ndipo aende kuomba chumvi kwa jirani. Adabu hiyo imetunza ndoa nyingi na kutuliza ugomvi mwingi wa mipaka. Lakini kila kizuri kina kasoro, na mimi nakueleza kasoro yake kwa sababu niliiona ikimla mtu aliye hai, mchana kweupe, huku wote tukitabasamu.

Mtu mwenyewe ni Edina, Mama Wema kama tunavyomwita. Duka lake la kutengeneza kompyuta liko Rusimbi, linatazamana na mashine ya kusaga. Tukisema ukweli, duka lilikuwa la mumewe, Leodgar. Leodgar ndiye aliyekuwa fundi. Edina alikuwa akitoa kopi na kuchapa barua za watu, na Leodgar akifungua laptopu ya mteja, mkewe alimshikia tochi. Kwa kushika tochi akajifunza hiki na kile: kubadilisha betri, kusafisha feni, kuweka diski mpya. Ini la Leodgar lilipoanza kumsumbua wakabadilishana, mke akashika bisibisi, mume akashika tochi. Mwishowe hata tochi ikamshinda.

Wiki aliyozikwa, basi la kutoka Dar likashusha boksi lililoandikwa jina lake. Ndani mlikuwa na kadi za waifai alizoagiza kabla hajalazwa. Kadi hiyo ni kipande kidogo kuliko kiberiti. Kinakaa tumboni mwa laptopu, na kazi yake ni kunasa mtandao hewani bila kuchomeka chochote. Laptopu za mtumba zinazofika kwetu nyingi kadi zake zimekufa, na fundi mwenye kadi mpya hakosi wateja. Edina alilitazama lile boksi siku nyingi. Siku aliyolifungua ndiyo siku aliyoamua kuwa fundi.

Alijifundisha mwenyewe. Kumwuliza fundi mwingine hakutaka, maana mafundi wana midomo na mdomo ungefika kwa shemeji yake. Akafungua laptopu ya kwanza, akaichomoa kadi iliyokufa, akakuta imeshikwa na nyaya mbili nyembamba, mmoja mweusi na mmoja mweupe, zenye vichwa vidogo kama punje ya mtama. Akaweka kadi mpya. Akajaribu kuvirudisha vile vichwa, vikamgomea. Vikateleza, vikaruka, jasho likamtoka. Basi akaiwasha vivyo hivyo aone. Mtandao ukaja, alama zote zimejaa. Akashusha pumzi. Kumbe nyaya zenyewe hazina kazi, akajisemea. Akazikunja pembeni, akazibandika karatasi nyeusi ya gundi zisichezecheze, akafunga skrubu. Na ya pili hivyo hivyo. Na ya tatu. Kila mashine aliifunga, akaiwasha pale pale juu ya kaunta mbele ya mwenyewe, na kila moja ikanasa.

Wateja wakafurika. Alianza Bonaventura, mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Akaja Mwalimu Walter, anayefundisha Mwamgongo, ambaye akitaka kuja mjini lazima apande boti. Wakaja makarani, wanafunzi wa chuo, katibu wa kwaya. Na jambo lililomtia Edina nguvu ni kwamba hawakununua wakapotea. Walirudi. Walirudi na laptopu zao, wakaketi kwenye benchi la mbele ya kaunta, wakafungua, wakafanya kazi zao humo humo dukani wakipiga soga. Edina akiuliza kadi inaendeleaje, wote jibu lao moja: nzuri tu Mama Wema, haina shida, tunashukuru. Siku nyingine benchi lilijaa watu wakasimama. Edina akawa anachemsha chai ya tangawizi. Nyumbani kulikuwa na kimya kinachouma, binti yake Wema yuko shule ya bweni. Hapa dukani palikuwa na vicheko. Akaanza kuamini kwamba Mungu hamwachi mja wake.

Sasa nimtaje shemeji. Bonifasi ni kaka mkubwa wa Leodgar, mfanyabiashara wa mawese Ujiji. Ile fremu ya duka pale Rusimbi imejengwa kwenye kiwanja cha baba yao, kwa hiyo ukoo una kauli. Siku ya arobaini Bonifasi alisema mbele ya watu kwamba fremu ifungwe, itumike kama ghala la mafuta, na Edina atafutiwe shughuli nyingine. Alisema duka la ufundi bila fundi ni duka la huruma, na huruma haina mizizi. Maneno hayo yalimchoma Edina kuliko yote aliyoambiwa kwenye msiba. Akajibu kwamba yeye ni fundi, na kama hawaamini wawaulize wateja wake. Katika ukoo ule neno halikatwi bila shahidi. Wakakubaliana kikao kikae Jumapili moja baada ya Pasaka, nyumbani kwa Bonifasi, na wateja waje waseme wenyewe. Wakisema kazi ni nzuri, duka linabaki. Wakisema vingine, funguo anazirudisha.

Edina hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mashahidi alikuwa nao benchi zima.

Jumatano ya wiki ile ile ya kikao akaingia Asnath. Huyu ni afisa lishe, mgeni wetu, mzaliwa wa Tarime, hajamaliza hata mwaka Kigoma. Alikuwa amewekewa kadi kitambo kidogo, akapelekwa vijijini kikazi, ndiyo kwanza amerudi. Alimwamkia Edina shikamoo vizuri kabisa, akamkuta Mwalimu Walter na vijana wengine benchini, akawasalimu. Kisha akaweka laptopu kaunta.

"Mama, hii kadi yako haifanyi kazi," alisema.

 Mwalimu Walter aliinamia kioo chake kama mtu aliyeona kosa kubwa la hesabu. Edina alicheka kidogo, akaiwasha ile laptopu, mtandao ukaja hapo hapo, akamgeuzia mteja aone. Akamwambia kwa upole kwamba labda tatizo ni mtandao wa nyumbani kwake, kwa sababu kadi hizi amewawekea watu wengi na hakuna aliyelalamika.

Asnath aliwatazama waliokaa. Hakuwa na ubaya, nikuhakikishie. Kwao mtu akiwa na neno hulitoa. Akamwuliza Edina kama amewahi kumwona hata mmoja wa hawa akitumia laptopu yake mahali pengine popote zaidi ya pale. Edina akageuka akaliangalia benchi.

Asnath akachukua laptopu ikiwa imewashwa, akamwomba Edina amfuate. Hawakufika mbali. Kwenye kizingiti alama za mtandao zilipungua. Katikati ya barabara zikapotea. Walipofika kwenye kivuli cha mashine ya kusaga, kioo kiliandika kwamba hakuna mtandao wowote. Asnath akatoa simu yake mfukoni: simu ilikuwa bado inanasa ruta ile ile, kisanduku cha dukani cha kurusha mtandao, vizuri tu. Edina alizishika zote mbili, simu mkono huu na laptopu mkono huu, akasimama pale unga ukimwangukia kichwani. Ruta yake ilikaa juu ya kaunta, umbali wa kunyoosha mkono. Pale hata kadi kiziwi ingesikia.

Kwa hiyo ndiyo maana walikuwa wakirudi, akawaza. Ndiyo maana walikaa.

Walipovuka kurudi, benchi lilikuwa tupu. Mwalimu na vijana wametoweka na chai wameiacha vikombeni. Edina akakaa kwenye kiti cha mumewe, akaifungua laptopu ya Asnath, akabandua ile karatasi ya gundi. Nyaya mbili zikachomoza, mweusi na mweupe. Safari hii hakujifanya anajua. Asnath akamtafutia kwenye simu picha ya kadi kama ile ikiwa imefungwa, na picha ikaonyesha wazi: nyaya zile ndizo masikio, zinapanda mpaka pembeni mwa kioo kusikiliza mtandao. Edina akashika kichwa cha kwanza kwa ncha ya kucha, akakiweka sawasawa juu ya tundu lake, akakandamiza. Kikaitika. Cha pili kikaitika. Wakatoka nayo mpaka mashine ya kusaga, wakapita, wakafika kwa muuza mkaa, na mtandao bado upo. Asnath akafurahi, akashukuru. Alipotaka kulipa, Edina alimkatalia, akamwambia "asante mwanangu", naye akaaga akaenda zake.

Aibu aliyoisikia Edina alasiri ile naijua, na huenda wewe pia unaijua. Siyo aibu ya kukosea. Kukosea kila fundi anakosea. Ilikuwa aibu ya kujua kwamba watu wote walikuwa wanajua.

Kesho yake akafunga duka akaenda Kibirizi. Dagaa walikuwa wametandazwa, wanawake wanageuza, vijana wanapandisha viroba. Alimkuta Bonaventura kwenye kibanda chake. Edina hakukaa. Akamwuliza kadi inaendeleaje. Bonaventura akasema nzuri tu, haina shida. Edina akamwambia kwamba ameshaziona nyaya, ameshajua, na sasa anamwuliza tena, kama fundi anavyomwuliza mteja.

Yule bwana akageukia viroba vyake. Laptopu, akakiri, nyumbani haikuwahi kunasa kitu. Bei za dagaa aliendelea kuzitafuta kwenye simu, na akitaka kutuma mambo makubwa alikuja Rusimbi. Wenzake nao hali ni hiyo hiyo. Wameshaambiana sokoni, wakaona wafunike kombe.

"Siku anazikwa Leodgar mimi nilikuwa ng'ambo ya ziwa, Kalemie," alisema. "Sikutupa hata konzi moja ya udongo. Halafu nije nikuletee wewe lawama ya kadi?"

Edina akashindwa hata kumkasirikia. Bonaventura akasogea, akashusha sauti, akamwambia asiwe na hofu ya Jumapili. Yeye atasema nzuri, Mwalimu atasema nzuri, Bonifasi atafungwa mdomo na duka litabaki. Kazi ya Edina ni moja tu, kukaa kimya. Nyaya zitarekebishwa polepole baadaye, nani atajua.

Sikufichi, lilikuwa shauri zuri. Mimi ningelichukua. Edina alitembea na lile shauri kutoka Kibirizi akakataa hata bodaboda. Duka alilitaka. Bila duka angekuwa mjane wa kutafutiwa shughuli, anayekaa uani kwa shemeji akichambua mchicha na kusubiri kuulizwa kama amekula. Na alikuwa ameshapata jibu la nyaya, kwa hiyo uongo wenyewe ulikuwa kama umeshakufa, nani anadhurika?

Lakini njiani likamjia jambo la hospitali, na likija lile huwa haliondoki.

Daktari aliwaita wawili, yeye na Bonifasi, kwenye korido, akawaambia ini limekwisha. Bonifasi akasema mgonjwa asiambiwe. Edina akaafiki. Wakaingia wodini wakitabasamu, wakamwambia Leodgar kwamba daktari amefurahishwa. Tangu hapo ikawa ni wimbo. Asubuhi wanamwambia leo uso umechangamka. Yeye anawajibu, leo afadhali. Wageni wanakuja, wanamwambia umenawiri kuliko juzi. Kila mtu akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa upendo mtupu. Na siku moja Leodgar alimwomba Edina amletee kitandani laptopu mbovu na bisibisi, kuna kitu anataka kumwonyesha. Edina akamfunika shuka vizuri. Pumzika, akamwambia, utanionyesha ukipona.

Leodgar alimtazama, akasema haya. Hakuomba tena.

Kitu gani kile? Huenda zilikuwa hizi nyaya, kadi alikuwa ameshaziagiza. Huenda kilikuwa kingine kabisa. Edina alisimama kando ya barabara, gari la mawe likimpigia honi, akajua kwamba hatakijua kitu kile mpaka naye azikwe.

Jumapili ikafika. Baada ya misa ya pili watu wakakusanyika sebuleni kwa Bonifasi, Ujiji. Wazee wa ukoo wakakaa kwenye makochi. Bibi Recho, mama yao Bonifasi na marehemu, alikaa mkekani karibu na mlango, miguu kainyoosha, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Mashahidi wakapewa viti vya plastiki: Bonaventura na Mwalimu Walter, aliyekuja na boti tangu jana yake. Edina alikuwa amemwomba Bonaventura aje na laptopu yake, na yeye mwenyewe alikuwa na mkoba mdogo mapajani.

Bonifasi alifungua kikao kwa sala, akaeleza shauri, akauliza mashahidi. Mwalimu Walter akasimama akazungumza kama yuko mbele ya wakaguzi. Alisema tangu awekewe kadi maisha yake yamekuwa rahisi, na kwamba Mama Wema ni fundi wa kupigiwa mfano. Bonaventura akasema kwa kifupi kwamba haina shida, hajaona kadi nzuri kama ile. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema basi, maneno yamekwisha, duka libaki. Bonifasi alikuwa ameinama anatazama vidole vyake vya miguu. Ilibaki aseme amina tu.

Edina akasimama. Alimwomba shemeji yake awashe mtandao wa simu yake ili wengine waweze kuunasa, aiache pale alipokaa. Bonifasi akashangaa lakini akawasha. Edina akachukua laptopu ya Bonaventura, akaiweka mlangoni, karibu na miguu ya Bibi Recho, akawageuzia wazee kioo. Hakuna mtandao. Akaichukua, akaivusha sebule, akaiweka gotini kwa Bonifasi. Mtandao ukatokea.

"Hii kadi haifanyi kazi," alisema. "Ya Mwalimu pia haifanyi. Nilizifunga vibaya mimi, na hawa wawili wamesema uongo kwa ajili yangu."

Mwalimu Walter alifunga macho. Mzee mmoja akaguna. Edina akaketi sakafuni, kitenge kakikusanya magotini, akatoa bisibisi mkobani, akafungua ile laptopu mbele yao wote.  Alibandua karatasi, akakandamiza vile vichwa kwa ukucha, kimoja kisha kingine, akafunga. Akampa Mwalimu Walter aipeleke uani. Mwalimu akatoka nayo mpaka kwenye mapipa ya mawese, kutoka huko akasema kwa sauti ndogo kwamba inanasa.

Hapo angeweza kukaa, akashinda. Hakukaa.

"Nisameheni, bado sijamaliza," alisema. "Leodgar tulimwambia anaendelea vizuri mpaka siku aliyokata roho. Mimi nilimwambia. Alitaka kunionyesha kazi, nikamwambia utanionyesha ukipona, na nilijua haponi. Tulimnyima kuaga watu. Sasa na mimi mmeanza kuniambia nzuri. Nami si mgonjwa, mimi ni fundi. Kama nimekosea, mniambie. Duka mnaweza kulichukua, lakini hili la kuniambia nzuri silitaki tena."

Akalia. Hakujifunika uso, alilia hivyo hivyo wanamwona.

 Aliyezungumza ni Bibi Recho, kutoka mkekani, bila kugeuza kichwa.

"Alijua," alisema.

Bonifasi akauliza nani alijua.

"Mwana wanje, mwanangu Leodgar. Aliniambia, mama, mimi nakufa. Akanikataza nisiwaambie. Alisema wanajitahidi sana kunificha, nikiwaambia nimejua wataumia."

Edina akamtazama mkwewe kama hajawahi kumwona. Basi siku ile ya bisibisi, aliposema haya, alikuwa anajua. Alikuwa anamwachia mkewe uongo wake ili asimwumize, kama vile mgeni anavyokula samaki asiye na chumvi. Walikuwa watu wawili katika chumba kimoja, kila mmoja amebeba kitu kile kile na kumficha mwenzake, na muda ukapita.

Bonifasi naye akavunjika. Mtu mzima yule akalia, kisha akasema mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Habari za kadi alishazisikia Kibirizi kitambo, akashindwa kumwambia shemeji yake. Ghala la mafuta analo, tena halijai. Fremu hakuitaka kwa ajili ya mawese.

"Siwezi kupita Rusimbi," alisema. "Nikiona lile duka liko wazi, kabla sijakumbuka, najua ni yeye yuko ndani. Halafu nakumbuka. Kila siku, shemeji. Siku hizi nazunguka kwa nyuma. Nilitaka lifungwe nipite salama."

Edina alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Basi usipite, shemeji," alimwambia. "Ingia."

Wazee hawakukata neno rasmi. Mmoja aliomba maji, mwingine akamsaidia Bibi Recho kuinuka, chakula kikaletwa, na funguo zikabaki mkobani mwa Edina bila mtu kuzitaja.

Wiki iliyofuata Edina alipeleka habari kwa wateja wote walete mashine. Walikuja mmoja mmoja wakiwa na sura za watu waliokamatwa. Kila mmoja alifunguliwa mashine, akakandamiziwa nyaya, akaombwa radhi, akaambiwa aende akajaribu nyumbani kwake na akiona kasoro arudi kuisema. Wakaenda. Hawakurudi, maana kadi sasa zilikuwa zinafanya kazi. Mwalimu Walter alibaki Mwamgongo na shule yake. Bonaventura alibaki Kibirizi na dagaa wake. Duka likawa na kazi, lakini benchi lilikuwa jeupe, na birika la chai Edina akaliacha nyumbani. Hiyo ndiyo bei ya ukweli, na anayekwambia ukweli hauna bei hajawahi kuununua.

Asubuhi moja, akiwa anafagia, kivuli kikaziba mlango. Bonifasi alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, anatazama kiti cha mdogo wake.  Edina hakumharakisha. Mwishowe shemeji akavuta mguu mmoja, akavuta wa pili, akakaa mwisho wa benchi kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Habari za asubuhi, shemeji?" Edina akamwuliza.

Bonifasi akafungua mdomo, na lile jibu letu sote likamfika ulimini. Alilimeza.

"Mbaya," akasema.

Edina akaegemeza ufagio ukutani, akaja akakaa karibu naye.

"Na zangu," alisema.